Michungwa Isiyotulia Kwenye Picha

Jumatatu, 26 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Shule imefunguliwa leo, na leo nimepiga picha ya kwanza ya shindano.

Naandika masharti hapa nisije nikajidanganya baadaye. Klabu yetu ya wapiga picha inaitwa Jicho Kavu, maana hapa Xalapa, mji wetu wa milimani, hakuna kinachokauka, na nusu ya kila mkutano huishia kwenye habari za kuvu ndani ya lenzi. Kila msimu wa mvua tuna shindano moja: unachagua mahali, unafunga kamera, unapiga picha moja kila siku hadi mwisho wa Oktoba. Kamera haisogezwi hata kidogo. Mwenye fremu iliyotulia kuliko wote anaazimwa kwa mwaka mzima lenzi ya daktari Abascal, mwenzetu wa klabu, ile ya kupigia vitu vidogo. Nimewahi kuishika mara moja. Pete yake inazunguka kama kijiko ndani ya asali. Naitaka kiasi cha kuona aibu.

Kamera yangu aliniachia mjomba Gildardo alipopata mpya. Kitabu chake cha maelekezo nimekisoma mara tatu, pamoja na kurasa za Kireno. Nimeiweka juu ya paa letu, chini ya bati la kufulia, na miguu mitatu ya stendi nimeifunga kwa waya kwenye nondo. Inatazama kilima cha mbele. Ndani ya fremu kuna michungwa saba ya jirani yetu, mzee tunayemwita don Evelio, iliyopakwa chokaa kuanzia chini hadi kimo cha kiuno. Chini ya michungwa ipo nyumba yake, paa la bluu na tangi jeusi la maji. Mbali kabisa nyuma, kwenye kilima kingine, mnara wa redio.

Kioo cha kamera kina mistari ya kusaidia kupanga picha. Shina la mchungwa wa nne limekaa juu ya mstari mmoja sawasawa, kama limechorwa pamoja nao. Muda: saa moja kasoro dakika ishirini asubuhi, kabla ya shule.

Jumanne, 27 Agosti

Mvua. Picha ya pili. Mama anasema nimepata mchumba na jina lake ni Stendi.

Jumatano, 28 Agosti

Mvua, ukungu. Picha ya tatu.

Jumamosi, 31 Agosti

Mchungwa wa nne umetoka kwenye mstari.

Si sana. Upana wa uzi. Nilikaza kila skrubu ya stendi, nikazungusha kamera kidogo hadi shina likarudi mahali pake. Kwa masharti hilo ni kosa, lakini ni kosa la upana wa uzi na sitamwambia mtu.

Jumatatu, 2 Septemba

Nilimwambia mjomba. Siwezi kuficha kitu kwa zaidi ya siku mbili, ndiyo maana marafiki zangu wengi ni vitabu.

Tulikuwa mbele ya kabati lake la lenzi. Balbu huwaka humo msimu wote ili kuvu wasizaliane, na mke wake alimwacha, mama anasema, kwa sababu kabati lilipata joto kuliko kitanda. Mjomba hakucheka. Aliuliza, "Ulizima kitulizaji?"

Nikahisi uso unawaka. Sikuzima.

"Haya, nani alikufundisha kupiga picha, mwanangu? Fundi wa friji?" Akanieleza polepole, kama anayeeleza dalili za ugonjwa. Kitulizaji kazi yake ni kutafuta mtikisiko wa mkono na kuufuta. Kamera ikiwa imefungwa kwenye stendi, mtikisiko haupo, lakini kitulizaji kinaendelea kuutafuta. Kinatafuta na kutafuta, mwishowe kinautengeneza chenyewe.

Nimekizima. Nimelifikiria jambo hilo siku nzima darasani.

Alhamisi, 5 Septemba

Mchungwa umetoka tena. Kitulizaji kimezimwa. Nimeurudisha.

Jumapili, 8 Septemba

Don Evelio alitualika kula. Alikuwa mwalimu wa tarumbeta katika shule ya msingi kabla hajastaafu, na bado anaongea kama mtu anayetaka kusikika mpaka viti vya nyuma. Anaishi na mjukuu wake, Pilar, mwenye miaka sita. Mama yake Pilar anafanya kazi Tijuana na hupiga simu Jumapili.

Baada ya chakula Pilar alinivuta hadi mlango wa nyuma. "Leo," aliniita kwa jina langu, "njoo uone nilivyokua."

Akasimama kizingitini, akatembea kuelekea mchungwa ulio karibu zaidi, akihesabu kwa sauti. Hatua kumi na mbili. Akagusa shina, chokaa ikabaki kiganjani.

"Siku za likizo hatua zilikuwa kumi na tatu," alisema. "Miguu yangu imerefuka."

Nikamsifu. Tuliporudi nilisikia kitu nyuma yetu, ndani ya ardhi, mlio mdogo mkavu, kama mtu anayevunja vidole vyake. Nikageuka. Michungwa saba, chokaa nyeupe, matone yakidondoka. Pilar hakugeuka. "Inakohoa," alisema. "Ina mafua."

Jumanne, 10 Septemba

Mtihani mdogo wa kemia. Mchungwa umetoka. Nimeurudisha.

Alhamisi, 12 Septemba

Doña Cuca, mama mmoja wa klabu yetu anayepiga picha za harusi, amenipa kichwa cha stendi kizito cha chuma, nami nimempa begi langu la kamera. "Hicho hakisogei hata ukikitukana," alisema. "Kimebeba kamera yangu kwenye harusi mia mbili na talaka zake."

Nilikifunga jioni. Kinatoa mlio mtamu kinapokaza. Kwa mara ya kwanza tangu Agosti nina amani.

Ijumaa, 13 Septemba

Haukusogea!

Jumamosi, 14 Septemba

Umesogea.

Jumapili, 15 Septemba

Sikukuu ya taifa. Ukungu ulimeza fataki zote. Tulisikia milio tu.

Jumanne, 17 Septemba

Nikitoka shule nilimkuta don Evelio na randa, akikwangua ukingo wa mlango wake wa mbele. Maranda yalikuwa yamejaa vidoleni mwa miguu yake.

"Mlango umenenepa," alinguruma. "Nimeukwangua wiki iliyopita, umenenepa tena. Unyevu huu, binti, utatuvimbisha wote."

Nilitaka kumwambia kwamba mbao zikivimba huvimba kote, na mlango wake umebana kona moja tu, ya juu, upande wa kilima. Sentensi hiyo niliitengeneza vizuri kichwani, na viunganishi vyake. Nikasema, "Pole, don Evelio," nikaenda zangu.

Jumamosi, 21 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu, maana mikono yangu haina utaratibu.

Mkutano wa klabu ni kesho, kwa hiyo leo nilipanga picha zangu zote kwenye kompyuta ya mama. Nilitaka kuzipitisha haraka, moja baada ya nyingine, nione kama fremu imetulia. Michungwa ilikaa. Saba, nyeupe, kila mmoja mahali pake, kwa sababu kila asubuhi nimeirudisha mahali pake mwenyewe.

Nyumba ya don Evelio haikukaa.

Nilidhani nimechoka. Nikarudi mwanzo. Katika picha ya kwanza kati ya tangi jeusi na shina la nne kuna nafasi, unaona nyasi. Halafu nafasi inapungua. Mvua inakuja, ukungu unakuja, ukiondoka nafasi imepungua tena. Paa la bluu linapanda kilima taratibu sana, kama mtu aliyeitwa kwa jina na hataki kuonekana anakwenda.

Nilizipitisha mara kumi. Kisha nikapanda juu ya paa na kuitazama nyumba yenyewe. Ilikuwa saa kumi jioni, mwanga mzuri. Nyumba ilikuwa nyumba. Pilar alikuwa mlangoni akila embe na pilipili. Akanipungia mkono.

Niliitazama dakika ishirini nzima bila kusogea. Hakuna kilichosogea. Lakini nilipoinama kufunga kamba ya kiatu nilipata hisia mbaya shingoni, ile ya kucheza mchezo wa kusimama kama sanamu, pale unapojua kwamba nyuma yako kuna mtu ambaye sasa hivi tu ameacha kutembea.

Nyumba haziwezi kupanda vilima. Lazima ni kamera. Kesho nitawauliza wakubwa.

Jumapili, 22 Septemba

Klabu ilikutana kwa mjomba. Watu wanane, tamale za unga wa mahindi na kuku, na juu ya meza mwili mpya wa kamera ya daktari Abascal, ambao kila mtu aliunusa kama mkate. Yeye hajawahi kuutoa nje kukiwa na mawingu.

Picha zangu zilipitishwa kwenye televisheni. Nilikuwa nimeandaa sentensi moja: naomba mtazame nyumba. 

Daktari akasogeza kiti. "Kuna rangi ya zambarau pembeni. Mnaiona? Kwenye matawi. Kioo cha bei rahisi hicho."

"Zambarau iko kwenye miwani yako, daktari," doña Cuca akasema.

"Binti, tundu la lenzi uliweka ngapi?" daktari akaniuliza.

"Nane," nikasema.

"Kumi na moja ingependeza zaidi."

"Kumi na moja, tundu dogo hivyo, kwa ukungu huu?" doña Cuca akadakia. "Unataka mtoto apige picha ya makaa ndani ya gunia?"

Walicheka. Mtu akasema rangi ya nyasi ni ya kijani mno. Mwingine akauliza kadi ya kumbukumbu ni ya kasi gani, nao wakabishana kuhusu kadi hadi picha zikafika mwisho na kuanza upya. Paa la bluu likapanda tena mbele ya watu wanane, na watu wanane walikuwa wanatazama ubora wa matawi.

Mjomba peke yake aliliona. "Hilo paa linapanda," alisema. Nikakaa wima. "Leo, mpwa wangu. Umeisogeza kamera."

"Ndiyo," nikasema. "Kila siku."

 Mjomba alifuta vidole kwa kitambaa cha lenzi. "Basi umetoka kwenye shindano. Masharti ni masharti, nisingekupendelea hata kama ungekuwa binti yangu."

Sentensi yangu nilirudi nayo nyumbani nzima.

Jumatatu, 23 Septemba

Mvua. Sikupiga picha.

Jumanne, 24 Septemba

Nimepiga. Sijui kwa nini. Sikuurudisha mchungwa. Niliuacha uende unakotaka.

Alhamisi, 26 Septemba

Kosa langu lilikuwa hili: nilimwamini mchungwa.

Kila siku niliuchukua mti kuwa ndio uliosimama, na kamera kuwa ndiyo iliyokosea, kwa sababu mtu yeyote wa kamera angefanya hivyo. Kifaa kinapokuonyesha kitu cha ajabu unakaza skrubu, unabadilisha kichwa cha stendi, unatafuta kitulizaji. Leo nilikaa na picha zote na kuzilinganisha upya, siyo kwa michungwa, bali kwa mnara wa redio ulio kilomita sita nyuma. Niliweka mnara juu ya mnara, picha juu ya picha.

Nyumba ya don Evelio ilisimama. Haijasogea tangu Agosti.

Michungwa inashuka. Yote saba pamoja, kama watu wanaobeba kitu kizito begani na hawataki kukiangusha. Nyasi zilizo kati yao zinashuka nao. Kipande chote cha kilima kinashuka, na nyumba ya don Evelio iko njiani, na ndani yake analala Pilar.

Nilikwenda kwa mjomba nikikimbia, bila mwavuli. Alisikiliza. Alitazama. Kisha akafanya uso ule wa upole ninaouchukia.

"Miti haitembei, Leo. Lenzi ndizo zinazotembea. Hiyo ya kwako ina umri wako. Ndani mna vioo tisa vilivyoshikwa na skrubu, moja ikilegea, kioo kinashuka kidogo kila siku. Mnara uko katikati ya picha, hauathiriki. Michungwa iko pembeni."

Inawezekana. Hilo ndilo baya, inawezekana kabisa. Kwa sauti ndogo nikasema, "Na kama siyo lenzi?"

Aligeukia kabati lake. Balbu ya kabati ilikuwa inaunguruma.

Ijumaa, 27 Septemba

Pilar alinisubiri nje ya shule yao ili tupande mlima pamoja. Hatua zake sasa ni tisa.

"Nakua haraka sana," alisema, na safari hii hakuwa anafurahi. "Viatu havinibani, lakini."

Jumamosi, 28 Septemba

Mjomba alikuja asubuhi na begi lake kubwa. Akapanda juu ya paa letu, akafunga stendi yake ya kaboni kando ya yangu, akaiweka sawa kwa kipimo cha maji, na juu yake akaweka mwili wake bora wa kamera na lenzi yake bora, ile nyeupe ndefu ambayo hajawahi kuruhusu tone liiguse. Akaifunga kwa mfuko wa plastiki wa mkate.

"Nitakuthibitishia kwamba ni lenzi," alisema. Lakini kabla ya kushuka alisimama muda mrefu akitazama ng'ambo.

Jumapili, 29 Septemba

Mvua kubwa. Mfuko wa mkate ulipasuka. Nilimpigia mjomba simu nimwambie lenzi inalowa. "Iache," akasema. "Ukiigusa picha zinaharibika."

Jumanne, 1 Oktoba

Mvua. Maji ya bomba la don Evelio yanatoka rangi ya chokoleti. Shuleni nimeulizwa swali na nimejibu la mtu mwingine.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mjomba alikaa kwenye meza yetu ya jikoni na kompyuta yake. Akapima kwa nukta za picha. Mama alikuwa anakaanga ndizi na akaziacha ziungue, kwa sababu mjomba alikuwa amenyamaza, na mjomba hanyamazi.

"Nukta arobaini na mbili kwa siku tano," hatimaye alisema. "Kwenye yako, ukilinganisha urefu wa lenzi, ni ileile. Kamera mbili, lenzi mbili, jibu moja." Akavua miwani. "Na mimi nilikutoa kwenye shindano."

Akainuka, akasimama ukumbini, akawapigia wazima moto.

Walikuja baada ya saa moja, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wakiwa na kamba. Don Evelio aliwapokea mlangoni akiwa na randa mkononi. "Nimekaa hapa miaka arobaini na moja! Nilikuwa hapa kabla barabara haijafika! Nani amewaita?"

Mjomba alifungua mdomo. Nikasema, "Mimi."

Sijui sauti ilitoka wapi. Don Evelio alinitazama kama kiti kimeongea.

"Binti, picha zako zimepinda."

"Pilar alikuwa na hatua kumi na tatu likizo ilipoanza," nikasema. "Kisha kumi na mbili. Wiki iliyopita tisa. Hajarefuka, don Evelio. Sketi yake ya shule ni ileile."

Hapo yule mwanamke wa zima moto, aliyekuwa amekwisha kupanda nyuma ya michungwa, alituita. Alikuwa amepiga magoti na kufukua majani kwa mikono. Chini ya majani ardhi ilikuwa imefunguka, ufa mrefu uliojipinda ukifuata mstari wa miti, na midomo yake ilikuwa safi kana kwamba imekatwa kwa kisu. Alishusha mkono ndani hadi begani. Alipoutoa vidole vilikuwa vikavu, havikugusa tope wala mwisho.

"Hakuna anayelala humu leo," alisema.

Don Evelio na Pilar wamelala chumbani kwangu. Nyumba mbili za jirani zimehamishwa pia. Mimi naandika jikoni.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mvua. Utepe wa manjano wa kuzuia watu umezungushwa kwenye kilima. Don Evelio amekaa dirishani na mgongo wake kwetu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimefunga kipima muda kwenye kamera ya mjomba, picha moja kila dakika. Mjomba amenipa betri zake zote. Hakuna anayezungumzia shindano.

Jumapili, 6 Oktoba

Mama yake Pilar alipiga simu kutoka Tijuana. Pilar alimwambia, "Kwetu miti inakuja." Kisha akaniuliza mimi kama ikifika itabisha hodi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Shule zilifungwa kwa ajili ya mvua. Asubuhi ukungu ulishuka hadi kwenye kamba za nguo. Kutoka juu ya paa sikuona kilima wala nyumba, niliona mikono yangu tu. Kamera iliendelea, mlio mmoja kila dakika.

Lenzi ya mjomba huona ndani ya ukungu zaidi kidogo ya macho. Saa tano na dakika arobaini na moja nilitazama kioo: mashina meupe, hafifu, kama meno. Saa tano na dakika arobaini na mbili: mashina meupe, na kati ya la pili na la tatu kitu chekundu.

Nilikuza picha. Koti la mvua la Pilar.

Nikatazama kwa macho yangu, ukungu mtupu. Nikateremka ngazi hadi chumbani kwangu, kitanda kitupu, don Evelio amesinzia dirishani, mdomo wazi. Nikarudi juu. Picha mpya: chekundu karibu na mlango wa nyuma.

Hakukuwa na nafasi ya kutengeneza sentensi. Nililiita jina lake kwa kelele. Nilipiga kelele kiasi kwamba koo linaniuma hadi sasa.

Kisha, kwa sauti yake tulivu, kana kwamba yuko karibu kabisa, nikamsikia akihesabu.

"Moja. Mbili. Tatu. Leo! Ni tatu tu!"

"Pilar, njoo kwenye sauti yangu!"

"Ngoja nirudie, labda nimekosea."

"Usirudie! Njoo kwenye sauti yangu, usiache kuhesabu, nataka kujua ni hatua ngapi hadi kwetu!"

Don Evelio alikwisha kutoka mlango wa chini bila viatu. Nilimsikia akivuka barabara, nikasikia ile sauti ya viti vya nyuma ikimwita, na Pilar akihesabu, ishirini, ishirini na moja, na chini ya sauti zao mbili kulikuwa na ya tatu, ile ya vidole vinavyovunjwa, lakini sasa vidole vilikuwa vingi na havikuacha. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Mlango wetu wa chini ukagongwa ukutani.

"Arobaini na nne!" akasema Pilar ngazini.

Kilima kilishuka saa sita kasoro dakika sita. Hatukuona kitu. Haikuwa kishindo. Ilikuwa kama pumzi ya mnyama mkubwa anayelala, kisha harufu ya majani ya michungwa yaliyopondwa, kali, ikaingia kila chumba.

Jumanne, 8 Oktoba

Hakuna aliyekufa. Naandika tena: hakuna aliyekufa. Nyumba haipo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Jua, saa mbili nzima. Daktari Abascal alikuja na lenzi yake ndani ya boksi, akaiweka mezani. Alisema klabu imeamua. Doña Cuca akamwambia, "Sema umeona aibu, usisingizie klabu." Nikamshukuru. Sijaifungua. Lenzi nyeupe ya mjomba imeingia maji na kuvu wameanza kama utando wa buibui. Ameiacha nje ya kabati.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua ndogo. Don Evelio aliniomba nimwonyeshe nyumba yake.

Tulikaa watatu mbele ya kompyuta, yeye, mimi, na Pilar magotini mwake. Nilitaka kuanzia Agosti. "Hapana," alisema. "Anzia mwisho, urudi."

Nikaanza na ukungu wa Jumatatu na kurudi nyuma. Michungwa ikaondoka nyumbani kwake. Ikapanda, picha kwa picha, uzi kwa uzi, mvua ikitokea na kutoweka, na nafasi kati ya tangi na shina la nne ikafunguka hadi nyasi zikaonekana. Pilar alipiga makofi. Uso wa don Evelio ulilegea. Alianza kupumua kama mtu anayeingia kwake na kuvua kofia.

Tukafika Agosti, tarehe ishirini na sita, picha ya kwanza.

"Hapo," nikasema. "Hapo kila kitu kipo sawa."

Alitabasamu. Kisha akasogea, karibu sana na kioo, akaweka kidole juu ya chokaa ya mti wa kwanza na kukiburuta polepole hadi wa saba.

"Mwezi wa nne nilipopaka chokaa," alisema, "nilivuta uzi kutoka mti wa kwanza hadi wa mwisho, ili weupe wote uishie kimo kimoja. Nikaweka na kipimo cha maji. Uzi ulinyooka, binti. Nina uhakika. Ulinyooka kama waya."

Tuliutazama ukingo wa chokaa. Wa kwanza uko juu, wa pili chini kidogo, wa tatu chini zaidi, hadi wa saba, kama ngazi ambayo mwezi wa nne haikuwepo.

"Rudisha nyuma," alisema.

"Hii ndiyo ya kwanza, don Evelio."

"Rudisha tu."

Nikabonyeza. Picha haikubadilika.